Likizo Kumi na Tisa za Fundi Methusela Mgaya

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, tarehe 14 Mei mwaka jana, mashine ya korona ya shamba la mkonge la Mbambakuu ilizimwa ghafla, majani yakiwa bado kwenye mnyororo. Katika miaka ishirini na sita uliyoitunza mashine hiyo, baba, ilizimwa kwa visu butu, kwa umeme kukatika, na mara moja kwa nyoka aliyeingia na majani. Siku ile ilizimwa kwa sababu wewe ulikuwa umelala chini kando yake. Leo umetimia mwaka.

Daktari aliandika kiharusi. Ulikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na miwili ilikuwa imebaki kabla ya ustaafu.

Tangazo hili lilikusudiwa liwe fupi: picha yako ya kipaimara cha Edgar, tarehe mbili, na majina yetu chini. Limekuwa refu kwa sababu ya jina moja. Mama alikataa lake lisiandikwe pamoja na yetu, na sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Ilibidi kwanza ijulikane ulikuwa wapi.

Tuanze na yale ambayo hayana ubishi.

Ulitoka nyumbani hapa Maramba saa kumi na moja na nusu kila asubuhi, kwa baiskeli, na uji umeunywa ukiwa umesimama. Ulikuwa fundi wa korona. Kwa asiyewahi kuishi mkongeni, hiyo ndiyo mashine inayosaga jani la mkonge likatoka singa, yaani nyuzi zake. Ndani yake kuna ngoma yenye visu, na kati ya visu na kitanda chake kuna mwanya mwembamba. Mwanya ukizidi, singa inatoka na nyama ya jani. Ukipungua, singa inakatika. Kazi yako ilikuwa huo mwanya. Uliupima kwa kipimo cha chuma kwa sababu meneja alitaka, ila ulikuwa umeshaujua kwa sikio kabla hujafika.

Sikio hilo hukuliacha kazini. Upepo ukitoka kusini, sauti ya korona hufika mpaka kwetu. Ulikuwa ukiacha kutafuna, tonge mkononi, na sisi sote tunaacha. Ukisema, "Iko sawa," tunaendelea kula. Ukisema, "Visu vimechoka," tunajua sahani yako ifunikwe. Siku ya kipaimara cha Edgar, mwaka 2012, uliondoka kati ya supu na pilau. Ulirudi wageni wamekwenda, ukamwomba mwanao radhi kwa kumpa mkono kama mtu mzima mwenzako, ukala pilau baridi bila kulalamika.

Ulikuwa mpole. Hukumpiga mtoto. Mtu akivunja kitu ulikaa naye chini mkakitengeneza pamoja, na adhabu ilikuwa kwamba huruhusiwi kuondoka mpaka kipone. Ruthi anajua kufungua saa ya ukutani kwa sababu hiyo. Edgar anajua kuziba baiskeli, kibatari, sufuria na ndoo, kwa sababu Edgar alivunja zaidi.

Na hukupumzika. Hilo nalo tulilihesabu miongoni mwa mambo yasiyo na ubishi, mpaka mwezi wa saba mwaka jana.

Mwezi huo Ruthi alikwenda ofisi ya shamba kufuata barua ya utumishi wako. Ruthi, kama unavyojua, ni karani wa takwimu katika hospitali moja mjini Tanga, na hapokei bahasha bila kuifungua mbele ya aliyempa. Ndani mlikuwa na nakala za fomu ishirini za likizo. Ya mwaka 2004 iliandikwa, penye nafasi ya mahali utakapokuwa, "Nyumbani, Maramba." Nyingine kumi na tisa, kuanzia 2005 mpaka 2023, kila Agosti, siku ishirini na nane, ziliandikwa kwa mwandiko wako ulionyooka: "Mkwaja."

Ruthi alizisoma mara mbili. Hakuna Agosti hata moja, tangu 2005, ambayo mtu yeyote wa nyumba yetu alikuona umekaa nyumbani siku ya kazi.

Alizileta kwa mama. Mama alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Mkwaja kuna nani?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Ndugu hatuna huko."

"Miaka kumi na tisa, Ruthi. Mtu haendi mahali miaka kumi na tisa kutazama minazi."

"Hakwenda. Mkwaja ni mbali, ng'ambo ya Pangani huko. Na kila siku alilala hapa. Wewe ndiye shahidi."

"Basi kaandika Mkwaja kumficha wa hapa karibu. Hiyo ndiyo habari njema unayoniletea?"

Edgar, aliyekuwa akirekebisha tairi uani, alisema bila kugeuka, "Mama, baba na mwanamke? Muda aupate wapi? Sisi wenyewe tulikuwa tunampata kwa zamu."

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Suruali zake nafua mimi. Mwaka mzima grisi, naloweka, nasugua, haitoki. Lakini kila mwaka kulikuwa na mwezi mmoja suruali hazina grisi. Nilidhani wamempa kazi ya ofisini. Nilifurahi, mjinga mimi. Mwanamume gani anakwenda kazini akarudi msafi?"

Hilo la grisi Ruthi hakuwa nalo. Aliliandika.

Mama aliweka mchicha chini, akasema neno lililotufanya tuchelewe karibu mwaka mzima. "Andikeni ninyi watoto. Mimi mniache. Siwezi kumkumbuka mtu nisiyejua alikuwa wapi."

Kuanzia siku hiyo hakwenda kaburini. Alikwenda kanisani, alikwenda shamba, alikwenda Muheza kwa dada yake, na njia ya makaburini aliizunguka. Akiulizwa anaendeleaje, alijibu, "Nipo tu." Alipungua mpaka blauzi zake akazipeleka kwa fundi cherehani azibane.

Ruthi hana tabia ya kubishana na huzuni. Alifanya anachofanya kazini: akachukua daftari, upande mmoja akaandika yanayojulikana, upande wa pili yasiyojulikana. Yanayojulikana yalikuwa matatu. Ulilala nyumbani. Uliondoka na kurudi saa zile zile. Hukushika mashine, maana grisi haimwachi mtu anayeishika. Upande wa pili kulikuwa na swali moja tu, na ukurasa mzima mtupu chini yake.

Januari, likizo yake ilipofika, alirudi kwa karani wa shamba.

"Dada Ruthi," karani alisema, "Mkwaja nakumbuka. Likizo yake ya kwanza, ile ya elfu mbili na nne, aliandika Maramba. Ndani ya siku tisa tukamtumia pikipiki mara tatu. Mashine ikikohoa tu, meneja anasema mleteni fundi. Mwaka wa pili akaniuliza, 'Ni wapi ambako hamwezi kunifuata?' Nikamtania, nikamwambia andika Mkwaja, pikipiki yetu haifiki. Akaandika. Na kila mwaka akaandika."

"Na alikuwa wapi?"

Karani alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. "Mimi nakaa ofisini. Aliyekuwa anakaa uwanjani ni mzee Sele."

Mzee Sele alikuwa nyapara wa uwanja wa kuanikia singa. Sasa amestaafu, ana michungwa yake nje ya Maramba, na jina lake tumeliandika kwa idhini yake. Ruthi alimkuta akiipogoa.

"Shikamoo, mzee Sele."

"Marahaba. Umekuja kwa habari za baba yako, au umekuja kwa faili?"

"Kwa vyote viwili."

"Kwa faili sina neno. Kwa baba yako, kaa kwenye kivuli." Alishuka ngazi. "Ila ukiandika popote, andika kwamba nimestaafu. Mke wangu bado ana hofu na mambo ya ofisi."

Tunaandika hapa aliyoyasema, kwa kuwa wengi wanaosoma hawakuwahi kuyajua, na sisi tuliolelewa kilomita nne kutoka pale hatukuyajua.

Mfanyakazi wa kudumu ana likizo. Kibarua hana. Jina la kibarua huitwa saa kumi na mbili asubuhi, naye aitike, "Nipo!" Asipoitika siku tatu mfululizo, jina linafutwa. Akiugua, akifiwa, akijifungua, anahitaji mtu wa kusimama mahali pake, aitikie jina lake na afanye kazi yake, ili siku ihesabiwe kuwa yake. Huko uwanjani wanaita kumshikia mtu jina. Watu hushikiana siku moja, siku mbili, ndugu kwa ndugu. Nyapara husikia sauti isiyo yenyewe, na nyapara mwenye akili hainui kichwa.

"Baba yako alinijia Agosti ya elfu mbili na tano," mzee Sele alisema. "Akaniambia, 'Niko likizo. Kuna mtu anayetaka kwenda kwao?' Nikacheka. Nikamwambia, fundi, utaanika singa? Wewe? Akasema, 'Nionyeshe tu kamba ilipo.'"

"Akashika jina siku ngapi?"

"Zote ishirini na nane. Na mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mimi nimemwona miaka kumi na moja, mpaka nilipoondoka. Baada ya hapo siapi."

Ruthi aliuliza majina. Mzee Sele alikumbuka yote kumi na moja, moja baada ya jingine, bila kusita, kama mtu anayetaja wajukuu. Wawili kati yao walikuwa mke na mume kutoka Pemba ambao sasa wanaishi Kigombe: Tahiri Hamad na Mwatima Amour.

Ruthi aliwafuata mwezi wa pili. Tahiri ana kibanda cha vipuri vya baiskeli, na Mwatima hukaanga kachori mbele yake. Alipojitambulisha, Mwatima aliacha mafuta yakiungua.

"Huyu mtoto wa Fundi? Tahiri, hebu mtazame. Pua ile ile!"

"Pua naiona," Tahiri alisema. "Mafuta nayo nayaona."

Tahiri alieleza kwamba mwaka 2011 mama yake alikuwa mahututi huko Pemba. Ulimshikia jina, akavuka, akamwuguza siku kumi na saba, akamzika, akakaa matanga, akarudi akakuta jina lake lipo. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Mwatima, aliyejifungua Samira siku ya pili ya Agosti.

"Sasa hapo ndipo kasheshe," Tahiri alisema. "Mie nlikuwepo. Mzee Sele anaita, 'Mwatima Amour!' Kimya. Watu wote wanajua Mwatima kajifungua. Mara baba yako, na madevu yale, anaitika, 'Nipo!' kama askari. Yakhe, watu walianguka. Mpaka mwezi unakwisha anaitwa Bi Mwatima. 'Bi Mwatima, nipasie kamba.' 'Bi Mwatima, unanyonyesha saa ngapi?'"

"Na yeye?" Ruthi aliuliza.

"Anajibu! 'Mtoto kalala, msinipigie kelele.'"

Hatukuwahi kukusikia ukitania hivyo, baba. Ruthi alimtaka Tahiri arudie, na akayaandika maneno yenyewe.

Mwezi huo huo, Mwatima akadakia, korona ilikwama. Alisimuliwa na wenzake, lakini Tahiri, aliyekuwa hatua ishirini, alithibitisha kila neno. Meneja alikuja mbio, akauliza fundi yuko wapi. Akaambiwa yuko likizo, Mkwaja. Akaagiza upigiwe simu. Akaambiwa simu haipatikani, na ilikuwa kweli, kwa kuwa ulikuwa umeizima ukaitia ndani ya kofia yako ya ukili. Meneja alisimama akitukana mahali ambapo angenyoosha mkono angekugusa. Wewe ulikuwa umempa mgongo, ukitandaza singa kwenye waya. Fundi msaidizi alihangaika saa nzima. Ndipo mzee Sele akapita taratibu, mikono nyuma.

"Bi Mwatima," akasema, "huko uliko, mashine unaisikiaje?"

Nawe, bila kugeuka: "Mwanya umeachia kushoto. Mwambie aanze na boliti ya nyuma, asianze na ya mbele."

Kabla ya saa sita mashine ilikuwa inasaga. Fundi msaidizi alipongezwa na meneja, na wewe ukaendelea na waya wako.

Ruthi aliwauliza swali lililomleta. Kama ulitaka kupumzika, kwa nini hukupumzika nyumbani kwako?

Tahiri alifikiri. "Nlimwuliza hilo hilo. Nlimwambia, fundi, wewe una likizo ya serikali, nenda kalale kwa mkeo. Akaniambia, 'Pale kwenye korona nikikosea, mtu anapoteza kidole. Hapa nikikosea, singa inaanguka, naiokota.' Akasema, 'Nyumbani nikiisikia nasimama, maana siioni. Hapa naiona, najua nani yupo. Mwezi huu masikio yangu yamelala, Tahiri.'"

"Alisema yamelala?"

"Yamelala. Wallahi."

Hayo ndiyo maneno yako pekee tuliyo nayo juu ya sababu yako, na tumeyapata kwa mtu mmoja tu.

Kulikuwa na namna moja zaidi ya kuyapima. Zahanati ya shamba ilikupa kadi ya shinikizo la damu mwaka 2016. Ina vipimo thelathini na kimoja. Ishirini na sita ni vya miezi ya kazi, na namba ya juu, kwa wastani, ni 164. Vitano ni vya Agosti, na wastani wake ni 149. Ruthi alipoona hivyo alikaa kitako. Kisha akaandika chini yake kwamba vipimo vitano ni vichache mno kuthibitisha kitu, kwamba Agosti kuna baridi, na kwamba huenda ulikunywa dawa vizuri zaidi mwezi huo. Ni kweli. Hatuwezi kusema kwamba kazi ya kudumu ilikuua, wala kwamba ile ya kuazima ilikuongezea siku. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu aliyefanya kazi miezi kumi na miwili kwa mwaka alikuwa na mmoja aliouita mapumziko, na mwezi huo alisimama juani akianika singa kwa jina la mwingine.

Bado tulitaka kujua hilo lilimfaa nani zaidi. Wale kumi na mmoja wana jibu lao. La mama lilikuwa jingine.

Ruthi alimweleza Jumanne baada ya Pasaka, tarehe 22 Aprili. Alimsomea daftari lote, pamoja na yale yasiyothibitishwa. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," mama alisema mwishoni.

"Mwanamke alikuwa mmoja, Mwatima, na siku zote ishirini na nane alikuwa ndani na kichanga."

Mama alicheka. Edgar alikuwepo, naye anathibitisha kwamba alicheka. Kisha akaacha.

"Siku ishirini na nane mara kumi na tisa ni ngapi?"

"Mia tano thelathini na mbili."

"Na mimi je? Siku hizo mia tano thelathini na mbili, ni nani aliyenishikia mimi jina? Kuni nani? Maji nani? Homa yako ya mwaka ule, na baba yako yuko kilomita nne anamwitikia mwanamke wa Pemba!" Alipandisha sauti mpaka jirani akachungulia ukutani. "Angeniambia. Ningemficha humu chumbani, nikafunga dirisha, asiisikie hiyo mashine. Ningemwimbia. Mnadhani nisingemficha?"

Ruthi aliuliza tu nini kilitokea likizo ya mwaka 2004, ile iliyoandikwa Maramba na kukatizwa ndani ya siku tisa.

Mama akasema jambo ambalo halikuwa kwenye daftari.

"Pikipiki ilikuja mara tatu," akasema. "Ya kwanza nilimpikia chai aliyeileta. Ya pili nikamwangalia tu. Ya tatu alikuwa ndiyo kwanza amekaa kula, nimempikia bada kwa samaki, chakula cha kwetu Bondei, na siku hizo hakikupatikana kirahisi. Akainuka. Nikamwambia, 'Baba Ruthi, kama unakwenda, nenda kabisa. Usinikalie hapa nusu.' Akatazama sahani. Akaniambia, 'Sawa, mama Ruthi.' Akaenda. Na likizo nyingine hakuitaja tena humu ndani."

"Ulikuwa na hasira tu, mama," Edgar alisema.

"Nilikuwa na hasira, ndiyo. Yeye ndiye fundi. Alishindwaje kutofautisha neno la kumfungia mtu mlango na neno la hasira?"

Aliingia ndani. Alhamisi alipika bada, akatupakulia, yeye hakula. Ijumaa alimtaka Ruthi amsomee tena ile sehemu ya madevu na jina la Mwatima. Jumamosi akaitaka tena, akamsahihisha Ruthi pale aliporuka neno.

Jumapili tarehe 27 Aprili, baada ya ibada ya kwanza, aliwaambia waliokuwa naye watangulie nyumbani. Edgar alimfuata kwa mbali. Alikwenda makaburini, akang'oa majani juu ya kaburi lako, akaketi ukingoni. Alikaa dakika arobaini. Alichokisema Edgar hakukisikia, kwa hiyo hatukiandiki. Alionekana akinyoosha kidole mara kadhaa, kama mtu anayemhesabia mwenzake makosa, na mara moja alijifunika uso kwa kitenge. Aliporudi alitaka chakula.

Jioni ile alimwambia Ruthi, "Niandike. Lakini usiniandike mnyonge. Na hasira yangu uiandike, maana nayo ni yake, sitampa mtu mwingine."

Kwa hiyo tumemaliza yale tunayoyajua. Majina kumi na moja uliyoyashika yamethibitishwa. Ya miaka minane ya mwisho hatuyajui. Yeyote asomaye hapa, ambaye jina lake liliwahi kuitikiwa na sauti ya baba yetu, mlango wetu hapa Maramba uko wazi, na mama amesema atataka kusikia kila kitu, hata utani.

Jana saa kumi alasiri, tangazo likiwa tayari kupelekwa, Ruthi alimsomea mama mstari wa mwisho, ule wa wote ambao hawatakuacha usahaulike maadamu wapo: mwanao Edgar, binti yako Ruthi, dada zako wa Njombe, wakwe zako wa Muheza, mzee Sele, Tahiri na Mwatima, na Samira wao, na mkeo Dorkasi, aliyekupenda miaka thelathini na sita, anayekukumbuka kila siku, na ambaye bado ana hasira kidogo na wewe.

Mama aliomba kalamu, akavaa miwani yako, akakata neno "kidogo," na mengine yote akayaacha yalivyo.